Kichanga Hospitalini na Haki ya Wazazi Wake

Kuna swali ambalo twaona limenyamaziwa mno, nalo ni hili: mtoto mchanga anapougua akalazwa hospitalini, je, kwa siku zile huwa ni wa nani? Mtu aweza kucheka akasema, swali gani hili, mtoto ni wa mamake na babake, akiwa nyumbani au akiwa hospitalini. Lakini mwenye kusema hivyo na aende asimame mbele ya mlango wa wadi ya watoto wachanga katika hospitali kubwa ya serikali, atazame ni nani aingiaye na ni nani azuiliwaye, ni nani ajuaye mtoto ametiwa dawa gani na ni nani asiyejua. Akisimama hapo saa moja tu ataona kuwa jawabu si jepesi kama alivyodhani.

Tumechagua kulizungumza jambo hili kwa kuitazama mitaa miwili ya Nairobi, Kibera na Kawangware. Huenda wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wakauliza, sisi twahusikaje na mitaa ya bara? Twahusika sana. Kibera asili yake ni makazi ya Waislamu. Askari wa Kinubi waliolitumikia jeshi la Waingereza la King's African Rifles ndio waliokalishwa pale mwanzoni mwa karne ya 20, ikiwa bado ni msitu, na jina lenyewe, ambalo wao hulitamka Kibra, ni neno la lugha yao lenye maana hiyo hiyo ya msitu. Wajukuu wao walikaa miaka zaidi ya 100 bila ya hati ya ardhi, hata mwaka 2017 ndipo walipopewa hati ya ekari 288. Kisha, ni nyumba gani ya pwani leo isiyo na kijana wake aliyekwenda Nairobi kutafuta riziki, akapanga chumba cha mabati Kawangware, akaoa na kupata mtoto huko huko, mbali na mama na shangazi? Na tena desturi za wadi hizi ni moja. Tunayoyasema juu ya Nairobi, msomaji aliyewahi kulaza mtoto huku kwetu atayatambua.

Kwanza tuujue ukubwa wa jambo lenyewe. Uchunguzi wa serikali ya Kenya wa mwaka 2022 juu ya afya na uzazi ulionyesha kuwa katika kila watoto 1,000 wazaliwao hai, 21 hufa kabla ya kutimiza siku 28. Uchunguzi kama huo wa mwaka 2014 ulionyesha 22. Katika muda huo huo vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 52 hadi 41. Maana yake ni kuwa chanjo na vyandarua vimewaokoa watoto wakubwa, lakini mwezi wa kwanza wa maisha umebaki karibu pale pale ulipokuwa, na nusu ya vifo vya watoto wadogo sasa ni vifo vya vichanga. Wengi wao hufa kwa moja katika mambo matatu: kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa, au maradhi ya kuambukizwa. Na aghlabu wanachohitaji si mashine ya ajabu. Wahitaji joto, maziwa, kusaidiwa pumzi, dawa kwa wakati wake, na jicho la mtu lisilobanduka juu yao.

Jicho hilo ndilo lisilopatikana. Mtu wa Kibera huenda Mbagathi au Kenyatta, kwa miguu ikiwa hana nauli. Mtu wa Kawangware hupanda matatu. Wengine hufika hadi Pumwani, upande wa pili wa mji, hospitali ya wazazi iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa jina la Lady Grigg, jina ambalo watu wa Mombasa nao walijua. Wote hao hukutana katika wadi chache za serikali, nazo hujaa. Watafiti waliokaa ndani ya wadi za vichanga za hospitali 6 za Nairobi, wakihesabu kazi za uuguzi moja moja, waliona kuwa sehemu kubwa ya kazi zilizopasa kufanywa hazikufanywa, na kwamba kila watoto walipozidi kwa muuguzi mmoja ndivyo kazi zilivyozidi kuachwa. Hatusemi haya kuwalaumu wauguzi. Mtu mmoja hawezi kuwa na mikono kumi na mitano. Muuguzi anayewatazama watoto wengi vile usiku kucha, kisha asubuhi akasomewa makosa yake, naye ni mdhulumiwa, na mwenye kumkemea na amkemee kwanza yule aliyeacha kuajiri mwenzake.

Desturi ya wadi huwa hivi. Watoto hulazwa katika vitanda vidogo au ndani ya masanduku ya joto, na wadi ikijaa huwekwa wawili au watatu pamoja. Mama huitwa kila baada ya muda wa saa 3 aje anyonyeshe au akamue maziwa, kisha hutakiwa atoke. Baba huja saa ya kutazama wagonjwa, akaonyeshwa mwanawe kwa mbali, na pengine asionyeshwe. Bibi aliyetoka Kibera na chupa yake ya uji huishia kwa bawabu. Daktari hupita asubuhi, akaandika, akaenda zake. Mama akiuliza mtoto ana nini, hujibiwa kuwa anaendelea vizuri, au hajibiwi, maana hakuna mwenye wakati wa kumjibu. Basi mwanamke huyu aliyemchukua mtoto miezi saba au minane tumboni, sasa amwona kama mgeni aonavyo kitu cha watu.

Kufungwa kwa milango hii hakukutokana na ubaya wa moyo. Wazee wa utabibu wa Ulaya waliogopa uambukizo, na hofu yao ilikuwa ya haki, kwani kichanga aliyezaliwa kabla ya wakati hana kinga. Wakaona njia ya salama ni kumweka peke yake, na kila asiyevaa vazi la kazi asimkaribie. Hata kwa watoto wakubwa mambo yalikuwa hivyo. Huko Uingereza ilibidi kamati iliyoongozwa na Sir Harry Platt iseme mwaka 1959 kuwa mtoto aliye hospitalini huumia moyo kwa kutengwa na mamake, na kwamba wazazi waruhusiwe kumwona kwa wingi. Sisi hapa tulirithi mlango uliofungwa, na wenyewe waliotuletea walipoufungua kwao, wetu ukabaki vile vile.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba waliotangulia kuufungua hawakuufungua kwa falsafa, bali kwa dhiki. Mwaka 1978 katika mji wa Bogotá, nchi ya Colombia, Dakta Edgar Rey alikuwa na hospitali iliyojaa na masanduku ya joto yasiyotosha. Akawapa mama watoto wao wawabebe vifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, kama mnyama wa Australia aitwaye kangaruu abebavyo mwanawe, na mwenzake Dakta Héctor Martínez akaiendeleza kazi hiyo pamoja naye. Mwaka uliofuata, mjini Tallinn katika Estonia, Dakta Adik Levin alikosa wauguzi, akawaingiza mama wadini wakae, wawalishe, wawabadilishe nguo na kuwapima joto, na wauguzi wakawa walimu wao. Wakubwa wa utabibu waliwadharau mwanzoni, wakasema hii ni tiba ya maskini. Leo matajiri wa Kanada wamejifunza kwa yule wa Tallinn. Mpango wao wa kuwaingiza wazazi katika uuguzi ulijaribiwa katika wadi za Kanada, Australia na New Zealand, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa watoto waliouguzwa na wazazi wao waliongeza uzito vizuri zaidi, na wazazi wenyewe walipungukiwa na hofu.

Kisha likaja la kukata shauri. Shirika la Afya Duniani lilisimamia jaribio katika hospitali 5 za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na ile ya Tanzania ni Muhimbili, jirani yetu wa Dar es Salaam. Watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8 waligawanywa. Baadhi waliwekwa kifuani pa mama tangu mwanzo, kabla hata hali yao haijatulia, na mama akapewa kitanda ndani ya wadi ile ile ya matibabu. Wengine walitunzwa kama ilivyozoeleka, kifua cha mama kikangojea mpaka mtoto apate nafuu. Hesabu zilizotangazwa mwaka 2021 zilikuwa hizi: katika kila 100 wa kundi la kwanza walikufa 12 ndani ya siku 28, na katika kundi la pili karibu 16. Jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa isingekuwa haki kuendelea kuwanyima kundi la pili jambo ambalo manufaa yake yamekwisha kudhihiri. Na mwaka 2022 Shirika hilo likatoa mashauri kuwa jamaa washirikishwe katika utunzaji wa kila siku wa watoto hawa wakiwa hospitalini.

Basi hoja ya kwamba mama akae mbali kwa ajili ya usalama wa mtoto imevunjika. Tungeweza kuikomesha makala hapa, tukasema milango ifunguliwe. Lakini hapa ndipo jambo linapoanza kuwa zito, na ndipo tunapotaka msomaji awe mwangalifu, kwani jambo jema laweza kutumiwa vibaya hata likawa dhuluma.

Ukweli ni kuwa katika wadi nyingi mama wamekwisha kuingizwa kazini. Hubadilisha nguo za watoto, humimina maziwa katika mpira upitao puani mpaka tumboni, hutazama kama mtoto amebadilika rangi, na mwenye mtoto wa jirani aliye taabani humkimbilia muuguzi kumwita. Wameingizwa lakini hawakushirikishwa. Hakuna aliyewaketisha akawafundisha. Wamefundishana wao kwa wao, mwenye siku kumi akamfundisha mwenye siku mbili. Hakuna aliyewauliza kama wanaiweza kazi hii au wanaiogopa. Na mtoto akipaliwa na maziwa, lawama ni ya nani? Twasema kuwa kushirikishwa ni jambo moja na kutwikwa mzigo ni jambo jingine, ingawa kwa mtu apitaye mlangoni yote mawili yanafanana: mwanamke ameinama juu ya kitanda akimlisha mwanawe.

Tuchukue mfano. Mwanamke wa Kawangware hufua nguo za watu, wale ambao Nairobi huwaita mama fua. Akienda hulipwa, asipokwenda halipwi. Amejifungua kwa kupasuliwa, na kidonda hakijafunga. Ana watoto wawili wengine, amewaacha kwa jirani ambaye naye ana wake. Mumewe ni kibarua wa mjengo. Yeye mwenyewe amekwisha kuandikiwa ruhusa ya kutoka hospitalini, kwa hiyo hana kitanda wala chakula pale, lakini mtoto bado amelazwa, na maziwa yatakiwa kila saa 3, usiku na mchana. Alale wapi? Kwenye benchi la ukumbini? Arudi Kawangware saa 5 usiku, katika mji ambao wanaume wenyewe huogopa kutembea saa hizo? Siku moja akikosa kufika kwa zamu mbili, mtu mwenye kalamu huandika kuwa mama hajali.

Sisi twasema lawama hii ni dhuluma, tena ni dhuluma iliyovaa kanzu nyeupe. Mwenye kumtaka mama awe muuguzi wa mwanawe na ampe mahali pa kulala, ampe chakula, amfundishe, amtibu kidonda chake, kisha ndipo aulize mbona hakufika. Katika lile jaribio tulilolitaja, sehemu ya siri ya kufaulu ilikuwa ni kile kitanda cha mama. Haikuwa mapenzi ya mama peke yake, kwani mapenzi mama wa Kibera anayo, lakini mapenzi hayalaliwi. Tangu mwaka 2013 mambo ya hospitali nyingi yako mikononi mwa serikali za kaunti. Kaunti inayotaka kuwaingiza wazazi wadini kwa kuwa hilo ni rahisi kuliko kuajiri wauguzi imekosea hesabu na imekosea wema pia. Mama huongeza mkono wa muuguzi, haujazi mahali pake. Yule wa Tallinn hakuwaondoa wauguzi wake; aliwageuza walimu. Mwalimu asipokuwapo, darasa hakuna.

Wako watakaotujibu: nyinyi hamjui watu wa mitaa ile. Mkiwafungulia, wataingia jamaa ishirini, watakuja na dawa za mitishamba chini ya buibui, mkwe na mkaza mwana watagombana juu ya kitanda, na kikohozi kitaingia pamoja nao. Hatukatai kuwa haya hutokea. Lakini tuulize, mtu huingiza dawa kwa kificho lini? Ni pale asipoambiwa kitu. Mwenye kuelezwa kuwa manjano ya mtoto yatibiwa kwa taa ile ya buluu, akaonyeshwa kwa nini macho yamefunikwa, hana haja ya kumpelekea mtoto maji ya mizizi. Na wingi wa watu waweza kuwekewa mpaka: mama daima, na mtu mmoja mwingine ambaye mama mwenyewe amemchagua, aoshe mikono mpaka kwenye viwiko, avue pete na saa. Utaratibu ni jambo jingine na kufungiwa ni jambo jingine.

Tena mlango uliofungwa nao huzaa maradhi yake, nayo ni shaka. Mtu asiyeona hudhani. Nairobi nzima yakumbuka Septemba 2018, gavana wa wakati ule alipoingia Pumwani ghafula, na maiti za vichanga 12 zikaonekana zimetiwa ndani ya maboksi. Kuhukumu ni nani alikosa katika lile si kazi yetu. Twasema tu kuwa mama wengi waliolitazama jambo lile hawakuuliza sababu za wakubwa; waliuliza, je, wangu waliyeniambia amekufa, mbona sikumwona? Mzazi aliyekuwapo wakati mwanawe akipigania roho, akaona waliyoyafanya daktari na muuguzi, hulia lakini hana shaka. Mzazi aliyekuta kitanda kitupu, akaambiwa na mama wa kitanda cha pili, huyo hubeba swali maisha yake yote.

Na hapa dini ina neno lake, nasi hatutalirefusha. Aya ya 233 ya Sura ya Baqara, pale inapozungumza juu ya kunyonyesha, imetaja mambo mawili ambayo twaona yameligusa jambo letu hasa. La kwanza ni kuwa mama asitiwe madhara kwa sababu ya mwanawe, wala baba. La pili ni kuwa hata kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka miwili kumewekewa sharti la kuridhiana na kushauriana kwa wazazi wawili. Tafakari jambo hili. Kuacha kunyonyesha ni jambo dogo kuliko mpira wa puani, kuliko kutiwa damu, kuliko kupelekwa hospitali nyingine usiku. Ikiwa lile dogo limetakiwa mashauri, haya makubwa yafanywe kwa wazazi kusomewa tu yaliyokwisha kuamuliwa? Daktari ana elimu, na elimu yake ni amana ambayo mzazi hawezi kuidai. Hatusemi mama ampangie daktari kipimo cha dawa. Twasema aambiwe, kwa lugha aijuayo, naye aulizwe.

Mfano mmoja utaonyesha kuwa haya si maneno ya hewani. Mwaka 2019 Pumwani ilifunguliwa benki ya maziwa ya mama, ya kwanza Kenya. Mama mwenye maziwa ya ziada hukamua, yakachemshwa kwa kipimo na kuhifadhiwa, wakapewa vichanga ambao mama zao wamekufa au hawana maziwa. Kwa upande wa tiba ni kazi njema iliyookoa roho. Lakini kwa Mwislamu kuna jambo la udugu wa kunyonya, ambao kwa madhehebu yetu ya Shafi huthibiti kwa mara tano, na ukithibiti hawa wawili hawaoani. Maulamaa wamehitilafiana: Baraza la Fiqhi lililokutana Jeddah mwaka 1985 lilikataza benki hizi, na Sheikh Yusuf al-Qaradawi aliziona hazina ubaya. Hapa hatutoi fatwa. Tunalosema ni kuwa baba wa Kinubi wa Kibera ana haki ya kujua kabla mwanawe hajapewa maziwa yale, aulize yametoka kwa nani, aandikishe jina ikiwezekana, amshauri anayemwamini. Na ikiwa mtoto atakufa bila ya maziwa hayo, ajue pia kuwa dharura ina hukumu yake. Asipoulizwa akaja kujua baadaye, hospitali itakuwa imemwokoa mtoto na kuitia nyumba fitina ya miaka ishirini.

Kadhalika adhana. Baba wa Kiislamu hutaka kumwadhinia mwanawe, na hilo ni jambo la dakika tatu. Lakini mtoto yuko ndani ya sanduku la joto na baba yuko nje ya kioo. Tumewajua waliosubiri siku ya saba ikapita, mtoto hana adhana wala jina, na waliozikiwa mtoto kabla hawajamgusa. Ni hasara gani ingeipata hospitali kwa mwanamume aliyenawa mikono kuinama kwenye tundu la sanduku akanena kwa sauti ya chini?

Na katika kisa cha mama wa Musa, ambacho kila mtoto wa chuoni akijua, sisi twaona kuna jambo ambalo huwa halitajwi. Yule mama alipokitia kisanduku mtoni hakukaa akangojea habari. Alimtuma dada mtu afuate ukingoni, atazame kwa mbali. Na mtoto alipokataa maziwa ya wanawake wote wa jumba la mfalme, ni yule dada, mtu wa jamaa, aliyekuwapo kwa sababu alifuata, ndiye aliyesema neno lililomrudisha mtoto kwa mamake. Lau mabawabu wa Firauni wangemfukuza dada yule mlangoni, nani angelisema neno hilo?

Juu ya malipo tutasema kwa ufupi, ingawa wengi ndilo linalowaumiza kwanza. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi ilihukumu kuwa kuwazuia wanawake waliojifungua kwa sababu hawajalipa ni kinyume cha Katiba. Mpango wa Linda Mama, ulioanza mwaka 2016, uliwapunguzia wengi mzigo, na tangu Oktoba 2024 mambo ya bima yamehamia mamlaka mpya ya SHA, ambayo mtu hujiandikisha mwenyewe. Kijana wetu aliye Kawangware na ajiandikishe yeye na mkewe kabla mimba haijakua. Asingojee usiku wa uchungu.

Limebaki lile linalotuhusu sisi wenyewe, kwani ni rahisi kuilaumu serikali na hospitali ilhali nyumbani mwetu kuna milango mingine iliyofungwa. Kwetu pwani mzazi hukaa arobaini. Hulazwa, hukandwa, hupikiwa, wala hatolewi nje. Ni desturi yenye huruma ndani yake, na hatuikejeli. Lakini mtoto akiwa hospitalini na mamake akazuiliwa nyumbani kwa sababu arobaini haijatimia, huruma imegeuka. Desturi hii haikuteremshwa na Mungu. Siku arobaini za nifasi ni hukumu ya sala na saumu, wala hazikumkataza mwanamke kumfuata mwanawe mgonjwa. Mkandaji na amfuate huko huko, na chakula kipelekwe huko.

Kisha wanaume. Tumesikia mara nyingi kuwa kubeba mtoto kifuani ni kazi ya kike, na mwanamume wa heshima hafungi leso. Lakini joto la kifua cha baba ni joto lile lile, na katika hospitali zenye kujua kazi hii baba humpokea mama aende akalale. Kijana aliye mbali na wazee wake, katika chumba cha Kawangware ambako hakuna shangazi wala mkwe, akikataa kwa kuona haya, mkewe hana mwingine wa kumpokea. Na wazee walio huku, badala ya kutuma maneno ya subira kwa simu, mmoja wao na apande gari la usiku. Nyanya mwenye afya, aliyelea saba, akifundishwa siku moja namna ya kumfunga mtoto na kumtazama pumzi zake, humpa mama usiku mmoja wa usingizi. Waislamu wa Kibera walio karibu na Mbagathi na Kenyatta, nao wana vyumba na wana misikiti, wangeweza kumpa mama mgeni mahali pa kulala wiki mbili, karibu kiasi cha kufika wadini kwa miguu kabla ya alfajiri, na mtu wa kumsindikiza njiani.